Blauzi Iliyojaribiwa Ndani Nje

Mke wangu ana kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Lilihamia kushoto. Lilihama mchana kweupe, kwenye karakana yangu, wakati anavaa blauzi niliyomshonea mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha mapema na sijawahi kuikumbuka. Nguo nakata kwa futi, chaki na macho. Mteja nikimzungusha mara moja tu, najua nguo itamkatalia wapi. Pateni za karatasi, zile zenye mistari ya kufuata ukikata, sikuwahi kuzigusa. Niliziona ni za watu wenye muda wa kuchezea.

Pateni hii aliileta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Aliinunua dukani, imo ndani ya bahasha yenye picha ya mwanamke mwembamba kama ufagio, amevaa blauzi ya kola ndogo na vifungo mbele.

"Shemeji, leo utashona kisasa," aliniambia. "Tumechoka kuvishwa magunia."

"Gunia ulilovaa hapo nani kakushonea?"

"Wewe. Ndiyo maana nalalamika."

Mke wangu alikuwa ameketi juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia. Akacheka. "Mwache bwana. Fundi wangu akiona maandishi mengi kichwa kinamgonga."

Basi nikakubali, kwa ubishi tu. Karatasi ilikuwa laini kama ganda la kitunguu, imechorwa mistari mingi, saizi ndogo ndani ya saizi kubwa. Nikafuata mstari wa saizi ya mke wangu, nikakata. Kitambaa nikakikunja mara mbili, nikalaza karatasi juu yake, nikakata tena. Ukikata hivyo, kulia na kushoto vinatoka sawasawa.

Hapo ndipo penye shida. Mke wangu hayuko sawasawa. Bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto, tangu utotoni. Nguo zake zote nilikuwa nakata kila bega na mstari wake, na mtu asingejua. Pateni haimjui mke wangu. Kwa hiyo nikaishikiza blauzi kwa mshono wa mkono, ule wa kufumuliwa baadaye, nikamwambia avae tuirekebishe mwilini.

Nikamvisha ndani nje. Ndivyo nifanyavyo siku zote, ili mishono iwe juu na pini ziingie vizuri. Kwa mtu mwenye mabega sawa haina neno.

Shemeji alikuwa amekalia kiti cha wateja, anasoma karatasi ya maelezo kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Hapa wanasema nguo ijaribiwe upande wa nje ukiwa nje."

"Waambie waje washone wao."

Nikashusha bega la kulia. Nikabana ubavu. Nikateremsha mkunjo wa kifua.

"Unanichoma!" mke wangu akasema.

"Simama wima, hutachomwa."

"Nikisimama wima si utaninyonga kabisa?"

Nikamvua, nikashona nilipobana pini, nikaigeuza, nikaitundika. Hapo nikaona nilichofanya. Nguo iliyovaliwa ndani nje, ubavu ulio kulia kwako ukiigeuza unakwenda kushoto. Bega la chini nilikuwa nimelishona upande usio wake. Kosa la mwanafunzi.

"Nipe muda niifumue," nikasema.

"Ngoja niione kwanza," mke wangu akasema, akaichukua. Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo. Mimi nilikuwa nimesimama nangoja mkunjo ule mbaya utoke shingoni uteremke begani, maana lazima utoke.

Haukutoka. Blauzi ilimkaa kama amemwagiwa.

"Haya sasa!" shemeji akapiga makofi. "Si nilikwambia?"

Mke wangu akainua mkono kuweka kola vizuri. Mkono wa kushoto. Kovu lilikuwa pale kwenye kifundo. Nikamshika mabega yote mawili. La kushoto ndilo lililokuwa chini.

"Bega lako," nikasema.

"Limefanya nini?"

Nikamgeukia shemeji. "Dada yako bega lake la chini ni lipi?"

Shemeji akamtazama. "La kushoto. Si limekuwa hivyo siku zote? Fundi, umeanza kuzeeka."

Nikadhani kweli nimeanza kuzeeka. Lakini jioni mke wangu alikoroga chungu kwa mkono wa kushoto, na nywele alizichania upande mwingine. Tulipolala nikamwekea sikio kifuani, kama mtu anayetania. Moyo ulikuwa unapiga kulia.

"Unasikiliza nini?" akaniuliza.

"Kama upo."

"Nipo," akasema, akanipapasa kichwa. Mke wangu hajawahi kunipapasa kichwa.

Niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakuja karakana bila kuitwa, anaokota pini sakafuni, ananiuliza nani alinifundisha kushona. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuulizwa. Nikajikuta namweleza. Alikuwa na tabia ya kuimba kwa pua, wimbo usio na maneno, na mimi nikazoea kukanyaga cherehani kwa mapigo yake.

Aliyekataa kuzoea ni binti yetu. Bado mdogo, anapenda kusukwa. Alikaa mara moja katikati ya magoti ya yule mwanamke, akaguswa nywele, akainuka.

"Baba," akaninong'oneza mlangoni, "mwambie mama aje anisuke."

"Si huyo hapo?"

Akageuka, akamtazama vizuri, akarudisha macho kwangu. Hakulia. Akaenda kulala na viatu vyake miguuni. Baada ya hapo akawa halali mpaka nikae kitandani kwake, na chakula alichopika yule mwanamke hali. Mashavu yakaanza kumwingia ndani.

Siku moja yule mwanamke alisimama mbele ya kioo kirefu cha karakana, anaweka kola vizuri, anaimba kwa pua. Mimi nilikuwa nyuma yake nakunja kitambaa. Nikainua macho.

Kioo kinageuza vitu, najua. Kovu kwenye kioo lilikuwa kulia, na hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni koo. Huyu wa huku koo lake lilikuwa linacheza na wimbo. La yule wa kule lilikuwa limetulia tuli. Alikuwa ananitazama mimi, si kola. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi, na dirisha halifunguliwi.

Nikatoa kitambaa kilichobaki na ile pateni, nikakata blauzi ya pili. Nikaishikiza, nikamwita, nikamvisha ndani nje. Safari hii nikabana bega la kushoto, maana huko ndiko lilikokuwa chini, ili nguo ikigeuzwa bega hilo liende kulia. Alisimama wima bila kuambiwa. Hakulalamika kuchomwa.

Nilipokwisha kushona na kuigeuza, akaitazama mikononi mwangu, hakuipokea.

"Fundi," akasema, "nikivaa hii mimi nakwenda wapi?"

"Ni blauzi tu."

"Kudanganya hujui." Akaangalia mlangoni, ambako binti yetu alikuwa amejibanza, anatuchungulia. "Nimejaribu kumsuka vizuri. Kweli nimejaribu."

"Najua."

"Kule hakuna mtu wa kuzungumza naye," akasema, anakitazama kioo.

Nikaikunjua blauzi. Akanyoosha mikono nyuma mwenyewe, nimvishe. Nikaanza vifungo kutoka chini. Alikuwa anaimba kwa pua, polepole, na mimi napanda, tumboni, kifuani, mpaka nikafika kifungo cha shingo. Hapo mkono wangu ukasita. Akainua kidevu ili nipate nafasi. Nikakifunga. Wimbo ukakatika katikati.

"Mbona unanibana shingo?" mke wangu akasema. "Na hii nyingine ya nini? Ya kwanza sijaivaa hata dakika moja, umeshanivua?"

Kovu lilikuwa kulia. Binti yetu akaja mbio, akamkumbatia kiunoni, akazika uso kwenye sketi yake.

"Huyu naye kafanywa nini? Mbona kakonda hivi?"

Nikatazama kioo. Kulikuwa na mwanamke anayemtazama mtoto wake, midomo inacheza pamoja na maneno. Basi. Hakuna mwingine.

Gharama yake ni hii. Blauzi mbili, nimezichoma. Pateni na bahasha yake, nimechoma pia, na shemeji hanisemeshi. Kazi ya nguo za kike nimeiacha. Nashona mapazia na foronya, vitu visivyo na mabega. Mtoto anakula, analala, lakini kabla ya kusukwa humshika mama yake kifundo cha mkono na kukikagua.

Na mwanamke mmoja niliyemrudisha kiooni, ambaye hakunikosea kitu.