Kioo Juu ya Ufa

Niseme mapema: mimi na miamba hatuna ugomvi. Mwamba unaeleweka. Jua linaupasha moto mchana, baridi inaubana alfajiri, maji yanaingia kwenye mstari mwembamba, mzizi unafuata maji, na baada ya miaka mingi jiwe lililokuwa moja linakuwa mawili. Hesabu yake ipo. Asiye na hesabu ni mama yangu.

Nyumba yake imeegemea mlima, na nyuma ya jiko limekaa jiwe kubwa kuliko jiko lenyewe. Limepasuka. Ufa unaanzia usawa wa kiuno changu na kupanda hadi vichakani huko juu, na nusu ya mbele imeinamia bati. Kazi yangu ni kusoma mitetemo ya ardhi, mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo nilipouona ufa ule nilimwambia ahame. Kwangu kuna chumba kizima kinamsubiri, hata pazia nimeshatundika.

"Jiwe hili limenikuta hapa?" akauliza.

"Wewe ndiye uliyelikuta, mama."

"Sasa mbona linifukuze, na miaka arobaini tumekaa vizuri?"

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Nilibembeleza, nilinuna, nikamtuma kaka yangu, naye akarudi na kikapu cha mboga na maneno ya mama mdomoni. Mwishowe tukawekeana mkataba. Nilileta kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole cha kati, nikakibandika kwa gundi, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine ng'ambo. Kioo hakinyumbuki. Jiwe likisogea hata kwa unene wa ukucha, kinakatika. Juu yake nikaandika tarehe kwa kalamu ya kijani.

"Kikivunjika, nahama siku hiyohiyo," mama akasema mbele ya kaka. "Kisipovunjika, nisisikie tena habari za jiwe."

Miezi minane! Kila Jumamosi nakwenda, kioo kizima. Mvua kubwa ikapita, kizima. Mama ananipokea kwa kejeli: "Mganga wa mawe huyo! Karibu, mgonjwa wako hajambo." Nacheka kwa meno tu, moyoni nafura. Nikiingia sebuleni ndiyo nazidi kuchukia, maana zile picha nne za ukutani alizokuwa akizifuta kila asubuhi, tatu zimejaa vumbi. Harusi ya kaka, mahafali yangu, wajukuu. Ya marehemu baba peke yake ndiyo inang'aa. Na vidole vyake kila mara vimefungwa kitambaa. Anasema ni kisu cha vitunguu. Nikamuuliza kama macho yanamsumbua.

"Kwani na vumbi lina tetemeko?" akanijibu.

Basi Jumanne iliyopita, saa tatu kasoro asubuhi, niko ofisini, mstari kwenye mashine ukaruka. Lilikuwa wimbi la kwanza, lile la kusukuma na kuvuta, ambalo hukimbia kuliko mengine. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika tano likaingia la pili, lile linalotikisa ardhi ubavu kwa ubavu, na kikombe changu kikatembea mezani. Sekunde tano kati ya mawimbi hayo ni kama kilomita arobaini. Vituo vingine viwili vilipotuma vipimo vyao nikachora duara tatu kwenye ramani, zikakutana kwenye mlima wa mama.

Huko chini mabamba ya dunia yanavutana polepole, yanakwama miaka na miaka, halafu siku moja yanaachia. Hilo silaumu. Ninacholaumu ni simu ya mama, iliyoita wee bila kupokelewa. Ninacholaumu ni gari la ofisi, ambalo funguo anazo dereva na dereva yuko kwenye chai. Na bosi wangu, eti nijaze kwanza fomu ya kutoka. Fomu! Nikamwambia aijaze yeye.

Nilifika saa sita. Mama yuko uani anafagia vigae vya sahani. Rafu nzima ilikuwa imeanguka. Nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namvunja mbavu. Kisha nikazunguka nyuma ya jiko.

Kioo kizima.

Nilikaa chini, palepale kwenye udongo. Tetemeko limeangusha rafu, halafu kile kipande chembamba kipo tu, na tarehe yangu ya kijani juu yake. Nikaanza kutilia shaka shule yote niliyosoma. Nikanyoosha kidole nikiguse, na kidole kikanata. Gundi niliyoipaka miezi minane iliyopita ilikuwa mbichi pembezoni.

"Mama!"

Akaja taratibu, ufagio mkononi, amejitia hamnazo.

"Hiki ni cha ngapi?"

"Cha ngapi nini?"

"Mama, nakuuliza kistaarabu."

Akautazama ufagio. "Cha nne, ukiacha chako."

Hapo nilipandwa na mori. "Cha nne! Kwa hiyo jiwe limesogea mara nne na mimi unanichekea? Silali, nagombana na mashine, najiona mjinga, kumbe unanichezea shere! Unataka nije nikufukue hapa kwa koleo?" Nilimpigia kelele mama yangu mzazi na sikuona haya. "Na tarehe nani kaandika?"

"Kwani wewe kuandika ulifundishwa na nani?"

"Na vioo vyembamba hivi umevitoa wapi?"

Akaficha vidole vyake nyuma ya kanga.

Nikaenda sebuleni. Nikapitisha kiganja kwenye harusi ya kaka, kikagusa karatasi tupu, kioo hakuna. Mahafali yangu, karatasi tupu. Wajukuu, hivyohivyo. Nikamgusa baba. Karatasi tupu, ila yeye vumbi lilikuwa halijamfikia, maana kioo chake kilikuwa kimetolewa asubuhi ileile. Kwenye kochi kulikuwa na kikatio cha vioo cha baba, cha enzi zake za ufundi, na vipande vilivyoharibika.

"Sijui kukata," mama akasema mlangoni. "Fremu nzima inanitolea kimoja tu. Huyo nilimwacha wa mwisho. Jiko lile alilijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Kila kioo kikivunjika, nasema niongeze mwezi mmoja tu, nizoee."

Nilitaka kuendelea kufoka, lakini sakafu ikatikisika kidogo chini ya miguu yetu. Tetemeko kubwa likipita, madogo hufuata. Nyuma ya jiko kikasikika kitu kidogo, tik.

"Kaangalie," mama akasema.

Nikaenda. Kioo cha baba kilikuwa kimekatika katikati ya tarehe. Miaka kumi na tisa sijawahi kudanganya kipimo, na siku hiyo nilitamani. Nikarudi.

"Kimevunjika, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Akapanda kwenye kiti, akamtoa baba ukutani, akampangusa kwa upindo wa kanga. Nikanyoosha mkono nimpokee.

"Toa mkono wako huo," akasema. "Una gundi, na yeye sasa hana kioo."