Shati Kwenye Swichi

Mafundi wa chemchemi za mji ule walikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: anayeingia majini huvua shati na kulitundika kwenye mpini wa swichi ya pampu. Shati likiwapo, hakuna wa kugusa. Likiondoka, mtu ametoka. Kila fundi aliijua, na kwa kuwa kila fundi aliijua, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa fundi mmoja. Alikuja msimu wa joto kumtembelea kitindamimba wake, na kijana, kwa furaha, akaona amzungushe kwenye chemchemi zote anazozitunza. Wakaanza na ya sokoni, yenye samaki wa shaba wanaotema maji. Wakaenda ya stesheni, mama akavua viatu akatia miguu ndani, na mlinzi akajifanya haoni.

"Na hii nayo yako?" aliuliza kila walipofika.

"Yangu, mama. Bila mimi zote zingekuwa madimbwi ya vyura."

"Haya, bwana mkubwa. Na mke je, unamngojea aibuke humo humo majini?"

Walicheka mpaka watu wakageuka. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi na raha yake ni hivyo hivyo.

Ya mwisho, mbele ya maktaba, ilikuwa imeziba. Kijana alizima swichi, akatundika shati, akashuka bwawani kuchokonoa majani kwenye pampu, nyuma ya nguzo kubwa ya mawe. Mama akalitazama lile shati. Kifungo cha pili kilining'inia kwa uzi mmoja. Mwanangu anatembea mjini hivi! Akalichukua, akaketi kivulini nyuma ya ukuta, akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye upindo wa kitambaa chake cha kichwa, akaanza kushona.

Mrefu, fundi mwenzake yule kijana, akapita akielekea kula. Akaona chemchemi imezimwa na shati halipo. Huyu naye, kasahau kuwasha, akawaza, akasukuma mpini juu.

Maji yaliruka. Mama aliyasikia, akatabasamu, akakata uzi kwa meno.

Waya wa pampu ulikuwa umechubuka, na umeme ukaingia majini. Watu walipopiga kelele mama alitoka mbio na shati mkononi. Mrefu alilitazama shati, akamtazama mama, akafunga mdomo.

Wakubwa walipomhoji alisema shati lilikuwapo, ila yeye hakuangalia. Wakamfukuza kazi. Siku ya mazishi mama alimwinukia mbele za watu wote.

"Umeniulia mwanangu! Ungepungukiwa nini kutazama kwanza?"

"Nisamehe, mama," Mrefu alisema, kichwa chini. "Sikutazama."

Akamlaani. Akamlaani yeye na watoto atakaowazaa, na Mrefu akasimama akazipokea laana zote.

Kabla ya kurudi kwake, mama alitaka kuziona tena zile chemchemi, maana ndizo zilizobaki za mwanawe. Alikwenda peke yake. Pale stesheni akakuta shati limetundikwa kwenye swichi, kola imefumuka. Moyo ukamuuma. Akanyoosha mkono.

"Usiguse, mama!" Fundi alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, macho yamemtoka. "Hiyo ndiyo roho yangu! Likitoka hapo, mwenzangu anajua nimeshatoka, anawasha."

Mkono wa mama ulibaki hewani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu zamani. Ndivyo tunavyofanya sote."

"Na Mrefu? Yeye alilijua hilo?"

"Mrefu? Yeye ndiye aliyetufundisha. Hawezi kugusa swichi kabla ya kutazama shati, ndiyo maana mpaka leo hatuelewi."

Mama akaketi chini pale pale. Mkobani mwake lile shati la mwanawe lilikuwamo, limekunjwa vizuri, kifungo kimekazwa barabara.