Kola Thelathini na Moja

Mjukuu wangu ana kifafa na ana ulimi, na mpaka leo sijajua kipi kinawasumbua watu zaidi. Neno lenyewe, kifafa, ukilisikia utadhani mtu anakufa mara mbili. Yeye ameanguka mara nyingi mbele yangu, na kila akiamka hutuuliza mbona tumekunja nyuso, kafiwa nani?

Alianza akiwa na miaka kumi na miwili. Aliangukia jikoni, na mimi bibi mwenye akili nyingi nikamtia kijiko mdomoni asijing'ate ulimi. Ulimi ulipona, jino likavunjika. Muuguzi alinigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza: usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Zikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Hayo niliyashika vizuri kuliko nilivyowahi kushika hesabu za kuzidisha. Yeye akashika vidonge vyake, asubuhi na jioni, bila kukumbushwa. Vilipunguza kuanguka, havikumaliza.

Sote wawili tuko kwenye karakana ya sare za shule. Mimi nashona vifungo kwa mkono. Yeye ni fundi wa kola, na kola si mchezo: ncha mbili zisipolingana, mtoto anaonekana kama kaamka kitandani sasa hivi. Zake hulingana mpaka wenzake wakambandika jina la Rula.

Mwezi uliopita alianguka akiwa kwenye cherehani ya umeme. Mguu ukakakamaa juu ya pedali, mota ikaendelea kukimbia, sindano ikapita kwenye kidole. Aliyechomoa waya ukutani ni mkata vitambaa wetu. Rula aliporudi kazini na bandeji, msimamizi, ambaye akiwa mbali tunamwita Bi Miwani, akamwita mezani kwake.

"Mwanangu, sikufukuzi. Nakuhamishia kwenye kukunja na kufunga. Kule hakuna sindano."

"Na kola pia hakuna, mama."

"Kidole si kimetoboka?"

"Kimetoboka kidole. Ufundi uko palepale."

Niliinamia vifungo vyangu nikacheka kwa pua. Lakini sijaona mtu aliyepelekwa meza ya kukunja akarudishwa kwenye cherehani. Akienda, ufundi wake wa miaka mitatu ndiyo basi tena.

Rula hakulia. Aliingia stoo, akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, mle ndani kuna cherehani ya miguu."

"Ile ya enzi za bibi yako?"

"Abee!" nikaitikia. "Nani kaniita?"

Bi Miwani akanitazama juu ya miwani. Rula akaendelea: "Ya umeme, mguu ukikakamaa, inakimbia. Hii lazima uikanyage mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mguu ukikakamaa, inasimama yenyewe."

"Na inakwenda kama konokono."

"Nijaribu."

"Haya. Jumatatu, kola arobaini kabla ya chakula cha mchana, kama wenzako. Usipofikisha, unakunja, na sitaki maneno."

Siku zilizobaki alifika kabla ya wote. Alisugua kutu, akatia mafuta, akabadilisha mkanda, akajifunza kukanyaga.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "miguu hiyo ya kijiti itaweza?"

"Wewe uliwezaje na magoti hayo?"

"Magoti haya yalikuwa na wachumba, shika adabu."

Jumatatu ikafika. Saa tatu alikuwa na kola kumi na nne. Saa tano na nusu, thelathini na moja, jasho linamtiririka shingoni. Hata wale wa umeme walianza kumchungulia. Nikasema moyoni, mtoto huyu leo atamvua mtu miwani.

Halafu ile sauti ya kukanyaga ikakatika.

Nilipogeuka mabega yalikuwa yameshakakamaa, anateleza kutoka kitini. Mkata vitambaa akamdaka, akamlaza ubavu, akasukuma mikasi mbali, akamwekea furushi la vitambaa chini ya kichwa. Mimi macho kwenye saa ya ukutani. Msichana mgeni akaja mbio na kijiko cha chai.

"Rudisha hicho kwenye kikombe!" nikamfokea. "Hapa hakuna anayekunywa uji!"

Dakika mbili na nusu. Kisha mwili ukalegea, akalala usingizi mzito palepale.

Bi Miwani alikuwa amesimama karibu na cherehani. Nikangoja aseme, si nilisema? Badala yake aliinama juu ya ile kola ya thelathini na mbili, iliyokuwa bado chini ya sindano. Mshono ulikuja umenyooka mpaka uliposimama, uzi haujakatika, kitambaa hakijakunjamana. Akapiga magoti sakafuni, akaushika mkono wa Rula, akavipitia vidole kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Akauweka chini, akachukua wa pili.

Rula alipofumbua macho wenzake walikuwa wameshakula. Ilimchukua muda kujua yuko wapi. Kisha akatazama saa, akatazama rundo la kola.

"Thelathini na moja," akasema, sauti bado nzito. "Sikufikisha."

"Hukufikisha," Bi Miwani akakubali. "Kola hazikutimia. Vidole vimetimia, nimevihesabu mwenyewe." Akajikung'uta magoti. "Hiyo cherehani ni yako. Ila leo nenda nyumbani ukapumzike."

Mimi hapo nilikuwa nahangaika kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na tundu siku hiyo lilikuwa limejaa maji.

"Nitakwenda, mama," Rula akasema. Akashika meza, akakaa kitini. "Lakini hii ya thelathini na mbili siiachi nusu."

Akakanyaga. Mbele na nyuma, taratibu, na hakuna aliyemharakisha.