Sauti ya Awo Ayeley

Agosti ya mwaka 2021, Goreth Nibigira alikuwa akivulia nguo za kazi kwenye gereji. Akirudi alasiri kutoka zamu, alifunga mlango wa gereji nyuma yake, akatia sare kwenye mfuko wa plastiki, akajimwagia maji ya ndoo pale pale kwenye saruji baridi, ndipo akaingia ndani. Binti yake Dede, wa miaka saba, alikuwa akimngoja kwenye ukumbi mdogo, na neno la kwanza alilosikia kwa mama yake lilikuwa, "Rudi nyuma kidogo."

Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa ya Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, Australia. Watu walikatazwa kutoka nje ya mtaa bila kibali, na wanajeshi walipita nyumba za wagonjwa wa korona wakigonga milango. Laryea, mume wa Goreth, alimwambia kwamba wengine kati yao huleta chakula. Haikusaidia. Goreth alikulia kambini Tanzania baada ya wazazi wake kukimbia Burundi, na mwanajeshi akibisha hodi, tumbo lake halikujua habari ya chakula.

Alifanya kazi katika nyumba ya wazee upande wa Granville. Miongoni mwa wazee aliowaogesha na kuwalisha alikuwemo mmoja aliyekuwa kama mkwe wake: Awo Ayeley. Laryea alikuwa Mga, yaani mtu wa kabila la Ga, kutoka Teshie, mji wa pwani karibu na Accra, Ghana, na Awo Ayeley alitoka mji huo huo. "Awo" ni mama kwa Kiga, na chama kizima cha Waga-Adangbe wa Sydney kilimwita hivyo. Kabla ya ugonjwa, chama kilikutana katika ukumbi wa kanisa kila mwezi. Wanaume walibishana kuhusu katiba, na Awo aliwakusanya wasichana kwenye kona akawafundisha adaawe, nyimbo za wanawake zinazoimbwa kwa makofi, ambazo ndani yake mwanamke husema yale asiyoweza kuyasema waziwazi. Dede alijifunza mbili. Awo alijua nyingi mno, na nyingine hazikuimbwa tena hata Teshie. Kila mtu alisema zirekodiwe. Kila mtu alidhani muda upo.

Kisha Awo akaanguka bafuni, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na kumbukumbu yake ikaanza kupukutika. Kiingereza kilimtoka kwanza. Mwezi Juni wageni wakazuiwa kabisa.

Siku moja Bwana Kotey, mwenyekiti wa chama, akampigia Goreth simu.

"Mke wetu," alisema, kwa maana mke wa Laryea ni mke wa wote, "ugonjwa umeingia nyumba nyingine ya wazee, si mbali na hapo kwenu. Ukiingia kwa Awo, ataondoka na kila kitu. Wewe tu ndiye unayemfikia."

"Sijui hata Kiga, baba. Maneno ya salamu tu."

"Hatuhitaji ujue. Tunahitaji umshikie simu."

Goreth alimweleza muuguzi msimamizi wa zamu, Apondi, Mluo wa Kisumu ambaye alizungumza naye Kiswahili wakiwa wawili. Apondi alifikiri, akasema simu binafsi vyumbani haiwezekani, lakini tableti ya wazee ipo, na familia ikikubali, mazungumzo yanaweza kurekodiwa upande wa pili.

"Lakini sikia, Mama Dede," aliongeza. "Barakoa isishuke. Ngao ya uso isitoke. Hata akilia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mara ya kwanza haikufaa kitu. Goreth aliingia amevaa gauni la plastiki, glavu, barakoa na ngao, na Awo alipomwona alijivuta hadi kwenye ukuta, shuka kidevuni. Kwenye tableti Laryea alimsalimia kwa Kiga, akamwomba aimbe. Awo aliweka kidole mdomoni. Alinong'ona kwa haraka, macho yakiwa dirishani, kwenye barabara isiyokuwa na gari.

"Anasema nini?" Goreth aliuliza.

Laryea alitafsiri. "Anasema marufuku ya kelele haijaondolewa. Nyumbani, kabla ya sikukuu ya Homowo, ngoma na nyimbo hukatazwa kwa wiki kadhaa, mji unanyamaza. Ameona huku kimya, akadhani ndiyo hiyo. Anasema atakayeimba sasa analeta kifo ndani ya nyumba. Na anauliza wewe umetumwa na nani kuja kumchukua."

Goreth alitoka chumbani. Ndani ya gari aliyafikiria maneno yale kwa urefu wa barabara nzima. Kifo ndani ya nyumba. Yeye ndiye aliyetoka nje na kuingia ndani kila siku, yeye na gauni lake la plastiki.

Laryea alimwomba Bwana Kotey apige ngoma kwenye tableti, amwambie Awo marufuku imekwisha. Mzee alikataa katakata. "Mimi si kuhani wa kuondoa marufuku. Jambo hili halifanyiwi maigizo, hata kwa ajili ya nyimbo." Lakini alikumbuka kwamba Awo ana mdogo wake Teshie, Kai, na kwamba kule mwaka huo marufuku ilikuwa imeshaondolewa kweli. Basi aambiwe na mtu wa damu yake.

Walipanga iwe asubuhi ya Sydney, Teshie ikiwa bado ni usiku wa jana yake. Asubuhi hiyo hiyo, mfanyakazi wa jikoni alipatikana na virusi. Apondi alikuwa akifunga milango ya ukumbi mmoja baada ya mwingine Goreth alipomkuta.

"Upande wa Awo bado haujafungwa," Apondi alisema bila kumtazama. "Baada ya saa moja utafungwa. Ukitaka kuingia, ingia sasa. Ukitaka kwenda nyumbani, sitakulaumu."

Goreth alisimama katikati ya ukumbi. Alitamani sana kwenda nyumbani. Alimwaza Dede nyuma ya mlango. Halafu akavaa gauni, akaingia.

Uso wa Kai ulijaa kwenye tableti, kisha Kai akaigeuza simu yake. Chumba kikajaa Teshie: ngoma mahali fulani nyuma ya nyumba, honi, watoto wanakimbizana, mwanamke anacheka. Awo aliketi. Akasikiliza, kichwa kimeinama. Kai alisema naye taratibu, na Awo akaitikia, kisha akanyoosha kidole kwa Goreth na kuuliza swali.

Laryea, aliyekuwa kwenye simu ile ile, akatafsiri. "Anasema, na hiki kisicho na uso ni kitu gani? Hataimba mbele yake."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia. Hasadiki."

Goreth alitazama mlango. Umefungwa. Aliinua ngao, akashusha barakoa hadi kidevuni. Hewa ya chumba ilimgusa midomo, na akahisi kama amevuliwa nguo. Awo alimkazia macho. Kisha sura yake ikalegea.

"Dede awo," alisema. Mama yake Dede.

Ndipo akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ikatafuta njia, ikaipata. Wimbo ulipofika mahali pa kuitikiwa alinyamaza akingoja, na Goreth, aliyesikia wimbo huo kwa binti yake jikoni, akaitikia na kupiga makofi ya glavu. Alitaka kuipandisha barakoa. Alijua akifanya hivyo Awo atanyamaza. Wimbo ukaingia wimbo, na kule upande wa pili Bwana Kotey, naye akiwa kwenye simu ile, akazirekodi zote.

Siku ya tatu Goreth aliamka hasikii harufu ya kahawa.

Kipimo kilithibitisha. Alilala gerejini kwenye godoro, na homa ilipopanda alisikia kishindo cha buti hata pasipokuwa na mtu. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa simu ya Apondi. Alimpigia mwenyewe.

"Dada, niliishusha barakoa. Mbele ya Awo. Muda wote alipoimba."

"Kwa nini unaniambia?"

"Ili mumpime leo, msingoje kesho."

"Nitalazimika kuandika ripoti, Goreth." Hakumwita Mama Dede.

"Andika."

Kifua kilibana, gari la wagonjwa likaja, na wanaume wenye mavazi ya plastiki wakambeba kupita mbele ya dirisha ambamo Dede alikuwa ameegemeza mikono yote miwili. Sasa Goreth ndiye aliyetazama watu wasio na nyuso wakimwinamia na kumwambia maneno asiyoyasikia vizuri. Hospitalini, kwenye oksijeni, aliuliza jambo moja tu kila Laryea alipopiga. Kipimo cha kwanza cha Awo: hana. Cha pili: hana. Goreth hakuamini hadi cha tatu, na hata hapo aliendelea kuuliza.

Alipona polepole. Nyumba ya wazee haikumrudisha kazini, na hakubishana nayo. Bwana Kotey alitaka kumpongeza mbele ya chama. Alimwomba asifanye hivyo.

Novemba, wageni waliporuhusiwa, Laryea alimpeleka Dede kwa Awo. Goreth alikataa kuingia. Aliketi ndani ya gari, vioo vimepandishwa, akiwatazama wauguzi wakipita. Wasichana wa chama walikuwa wakijifunza kutoka kwenye rekodi kila Jumapili, na Dede alimwambia kwa Kiingereza kwamba anapenda pale sauti ya mama inapoitikia, maana inasikika vizuri sana, haijazibwa na kitu. Goreth alimwambia ni vyema. Rekodi ilipowekwa nyumbani, alitoka nje akaanua nguo ambazo hazijakauka.