Tarishi Aliyesogea Mbele

Jumatatu asubuhi, Odessa Pettaway alikuwa amesimamishwa na taa nyekundu kwenye Barabara ya Crenshaw, Los Angeles, akipuliza kahawa yake, alipoona tarishi wa kwenye bango la matangazo amesogea tena.

Bango lilitangaza tamthilia yake ya televisheni, habari za familia ya Weusi wa Memphis wenye duka la viatu. Aliitunga mwenyewe na ndiye aliyeigiza mama. Lilipobandikwa, mama alikaa katikati, mume na watoto wamemzunguka. Tarishi wa posta, Mzungu ambaye kila kipindi husema "Barua zenu" akaenda zake, alikuwa nyuma ya uzio. Sasa ameuvuka, na kiwiko chake kimemziba uso binti mdogo.

Alimpigia Greg Sutter, mkuu wa matangazo wa kituo, bwana mwenye meno mengi na haya kidogo.

"Ndiyo, mabango yetu huwa hivyo," Sutter alisema. "Yanafuata watazamaji."

"Watazamaji gani? Tamthilia mmeitangaza alfajiri tu, baada ya tangazo la dawa ya fangasi wa miguu."

"Odessa, mpenzi, sisi hapa tunakupenda."

Pendo hilo Odessa alilijua. Ni lile la kupe kwa ng'ombe.

Kufikia Alhamisi tarishi alikuwa amelijaza bango. Odessa alikwenda na kaka yake Cleotis, akapanda ngazi. Juu alimkuta yule mama wa picha amening'inia ukingoni kwa kucha, wenzake nyuma yake.

"Dada, mbona umemwachia nafasi?"

"Nimwachie wapi? Hata hasukumi. Yeye anakuja tu, sisi ndio tunaambiwa tujibane. Mie nimechoka. Kwako kuna chakula?"

"Kuna sukuma wiki na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi."

Wakashuka mmoja mmoja, bapa kama shuka zilizopigwa pasi.

"Mshikeni huyo mdogo," Cleotis alisema kutoka chini. "Kuna upepo."

Tamthilia ilifutwa. Sutter alieleza, kwa sauti ya upole, kwamba hata Weusi wenyewe hawakujua kama ipo. Tarishi alipewa tamthilia yake, ikatangazwa kwenye mabasi, viwanjani, hadi kwenye mifuko ya mkate.

Mwaka huohuo kituo kilitunukiwa tuzo kwa kukuza hadithi za Weusi. Odessa alitazama sherehe nyumbani, amebanana kwenye kochi na familia ya karatasi, sahani mapajani. Sutter alipokea tuzo akalia, leso ikiwa tayari mkononi.

"Ana nini huyo?" mama wa karatasi aliuliza.

"Anatushukuru," Odessa alisema. "Nipe chumvi."

Kamera ikatafuta ukumbini uso Mweusi wa kumpigia makofi. Ikampata mhudumu aliyebeba trei ya glasi, ikamngoja aitue.