Kamba ya Mguu wa Nyuma

Nguruwe kumi na wawili walikuwa wamekufa na majibu yao hayakuonyesha kitu. Sita walibanwa mguu kwa mkanda wa presha kabla ya upasuaji, sita hawakubanwa. Figo za wote zilipona sawasawa.

Dokta Theodosia aliyasoma majibu mara mbili katika kituo cha utafiti, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Kisha akamwita Venanti, mtunza nguruwe.

"Mkanda hausaidii, mzee wangu. Ijumaa naandika ripoti, mradi unafungwa."

Venanti aliacha shule darasa la nne, lakini kazi ile aliielewa. Nguruwe analazwa usingizi. Mguu unabanwa dakika tano, unaachiwa dakika tano, mara nne, ili mwili uonje kukosa damu na kujiweka tayari. Halafu mshipa wa figo unazibwa dakika arobaini na tano, unafunguliwa, na vipimo vinaonyesha kama figo imestahimili; mwishowe nguruwe anauawa ili figo ikaguliwe. Mkanda ukifaa kwa nguruwe, huenda siku moja ungemfaa mama anayevuja damu Kibondo akisubiri gari. Mkanda wa presha haukosekani kwenye zahanati.

Binti yake Rosa alivuja hivyo alipojifungua. Damu ilizuiwa, figo hazikuamka. Sasa anaishi Mwanza, karibu na mashine ya kusafisha damu, na mtoto wake analelewa na Venanti huko Heru Juu.

Venanti alichukua fagio akaenda bandani. Melkiadi, aliyekuwa akileta nguruwe kwa pikipiki kutoka Rungwe Mpya, alikuwa anakunja kamba zake za katani alizokuwa amemwazima.

"Umeniulia kamba," alisema. "Nguruwe wako walivuta kama wanaokwenda Burundi."

"Hawakuwa wangu."

"Mbona walikuwa wanakukoromea wewe tu? Shemeji anajua?"

Venanti hakucheka. Alikuwa anaitazama kamba. Ilikuwa imeshika manyoya na damu kavu.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliwatoa nguruwe wote, akawafunga mguu wa nyuma kwenye nguzo, akaosha sakafu. Ndivyo nguruwe anavyofungwa Heru Juu na Nyakitonto, maana shingo yake haishiki kamba. Nguruwe huvuta, kamba inakaza, mguu unavimba. Akichoka anarudi nyuma, kamba inalegea. Halafu anavuta tena. Saa mbili, Dokta alipofika, wote walikuwa wamesharudi ndani na mmoja wao alikwenda mezani.

Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, mkanda unazikwa Ijumaa. Akisema, yeye ndiye aliyeharibu.

Alirudi ofisini na kamba mkononi.

"Dokta, wale sita wengine nao walibanwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Kwa hii."

Akaeleza. Dokta alijizungushia kamba kifundoni mwa mkono, akavuta mpaka vidole vikapauka, akalegeza.

"Hata siku ya upasuaji?"

"Hata siku hiyo."

"Na hukusema."

"Hukuuliza. Kwani huko Morogoro ulikosomea nguruwe wanafungwa wapi?"

"Hawafungwi. Wanakaa bandani." Dokta aliiweka kamba mezani. "Na mimi sikuwahi kufika hapa kabla ya saa mbili."

"Basi mkanda unafaa?"

"Sijui, mzee wangu. Jana nilidhani najua, leo sijui. Na kamati itataka jina la aliyewafunga."

"Langu lina herufi saba tu. Liandike."

Ripoti ya Ijumaa haikuandikwa. Kamati inayosimamia wanyama wa utafiti ilichukua wiki tatu, ikaruhusu kazi irudiwe kwa masharti mawili: nguruwe wasiguswe na kamba, na mtunzaji awe mwingine.

Hesabu ya kamba ile ikawa nguruwe kumi na wawili waliokufa bila kufundisha kitu, kumi na wawili wengine wa kufa badala yao, miezi mitano, na kazi ya Venanti.