Diski Kumi na Moja za Nikodemo

Kwa jina la Mola mwenye kuhifadhi kila amana, na kwa kumtakia rehema Mtume wake, nayasimulia haya.

Marehemu ni mdogo wangu Abdulwahab, mzaliwa wa Kondoa, seremala wa Chang'ombe. Mjane wake ni Hamida, na mtoto wao pekee ni Mwantum, mwenye miaka kumi na mitatu. Jirani yao ni Nikodemo, Mgogo na Mkristo, mchomelea vyuma.

Abdulwahab aliacha mashine ya gemu aliyoinunua kuukuu, pamoja na diski ishirini na tatu. Hakupata kununua diski mpya. Alisubiri watu waichoke, ishuke bei, ndipo aichukue. Na aliyoimaliza aliibadilisha dukani kwa Fredy, muuza diski kuukuu.

Siku ya maziko nilitangaza mbele ya jeneza: mwenye haki au amana kwa marehemu ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Baada ya khitma nikazitia diski zote kwenye boksi, ziuzwe, warithi wagawane.

Mwantum akalishika boksi kwa mikono miwili.

"Baba mkubwa, nyingine si zetu! Zenye utepe mwekundu ni za mzee Nikodemo. Walinunua kwa zamu, mwezi huu baba, mwezi ujao yeye, ili wasinunue gemu moja mara mbili."

Zilikuwa kumi na moja. Nusura niuze mali ya mtu.

Nikamfuata Nikodemo karakanani.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia.

"Marahaba. Mbona hukujitokeza nilipotangaza?"

"Nilikuwepo, kule nyuma. Nilidhani mnaitana Waislamu wenyewe." Akainama. "Na nizifanyie nini? Mashine sina, na mpinzani amekwenda. Mbishi yule! Kila nikimfunga, anasema pedi ya kuchezea imechoka."

Kumwambia aje kucheza Jumamosi, kama alivyozoea na marehemu, sikuweza, kwa kuwa Hamida yumo edani. Nilirudi nikamweleza, naye akanijibu nyuma ya pazia:

"Shemeji, usiuze. Mashine na boksi zima vikae kwa Nikodemo hadi eda iishe. Mwantum atakwenda Jumamosi. Mkewe, Mama Paulina, yupo, atamwangalia. Fungu langu nimemwachia mwanangu."

"Na langu la ndugu pia," nikasema.

Jumamosi nilibeba mashine, Mwantum akabeba boksi. Nikodemo alitupokea mlangoni, akaiunga mashine, akamkabidhi mtoto pedi.

Ewe Mola, mrehemu aliyetangulia, mtulize Hamida, mkuze Mwantum katika wema, na uwadumishe waliobaki, wa nyumba hii na ya jirani, katika afya na kuaminiana. Amina.